Kurasa nne, duka moja: jibu kwa muuza korosho wa Mikindani

Swali: Asalaam aleikum kaka. Mimi na dada yangu tuko Mikindani. Tunabangua korosho, tunazikaanga, tunazifunga kwenye makopo, na sasa tumeanza kusaga siagi ya korosho. Wateja wengi wako Dar na Dodoma. Instagram na Facebook naposti mimi, TikTok anaiendesha mpwa wetu, WhatsApp ni namba ya dada. Shida ni kwamba kila ukurasa unakwenda kivyake. Leo korosho, kesho dua ya Ijumaa, keshokutwa utani wa Simba na Yanga, na huo utani ndio unaopata laiki kuliko vyote. Oda hazipandi. Niliambiwa nitengeneze mkakati wa maudhui, nikapakua kalenda ya siku 30, nikaishia siku ya sita. Nipangeje ili kurasa zote zishikamane? Niposti mara ngapi? Na je, nilipie matangazo?

Jibu: Waaleikum salaam dada. Kwanza ifute hiyo kalenda. Kalenda za namna hiyo zinajaza siku tu: Jumatatu ya hamasa, Jumanne ya ushauri, Jumatano ya "je, wajua". Aliyeipanga hajui kwamba Agosti huna cha kubangua ila akiba ya stoo, na Novemba huna hata muda wa kushika simu. Mpango unaanza na mnunuzi. Tarehe zinakuja mwisho kabisa.

Kwa hiyo fungua daftari la oda za miezi michache iliyopita, utafute walionunua zaidi ya mara moja. Kwa wauza korosho wa huku kwetu watu hao huwa wa aina tatu. Yupo mwenye duka au mgahawa anayechukua kwa kilo na kuulizia bei tu. Yupo mtu wa kusini anayeishi mbali, Mmakonde au Mmwera aliyeko Dodoma, anayetaka korosho za nyumbani na wala hahitaji kushawishiwa. Halafu yupo mfanyakazi wa Dar ambaye hajawahi kukanyaga Mtwara, anakula korosho kazini au anazinunua kama zawadi. Mimi ningekushauri umlenge huyu wa tatu kwa msimu mzima. Wale wawili wanakuja kwa simu na kwa kujuana, mtandao unawaongezea kidogo tu. Ila daftari lako likisema vingine, lisikilize daftari, usinisikilize mimi.

Sasa mtazame huyo mtu wa Dar. Ameshanunua korosho kwenye foleni, akafungua pakiti akakuta zimelegea na chumvi imewekwa nyingi kuficha uzee wake. Ameshatuma pesa kwa duka la mtandaoni, simu ikazimwa. Akikutana na ukurasa wako anajiuliza mambo mawili: hizi korosho ni nzuri kweli? Na nikituma hela, mzigo utafika?

Mkakati wako wote umo humo. Kila unachokiweka, kwenye ukurasa wowote, kijibu swali mojawapo kati ya hayo mawili, na kisichojibu hata moja kikae kwenye simu yako. Mkifanya hivyo, wewe, dada na mpwa mtakuwa mnasema neno moja hata kama hamkukaa kikao. Msipofanya hivyo, mnaweza kumlipa mbunifu awatengenezee nembo na rangi tatu za kampuni, na bado mteja ataona watu watatu wasiojuana.

Swali la kwanza, la ubora, ndilo lenye mali, na nyinyi mnaidharau kwa sababu mnaiona kila siku. Muuzaji wa Kariakoo aliyechukua korosho kwa jumla hana cha kuonyesha ila pakiti. Nyinyi mna kazi nzima. Watu wengi wa bara hawajui kwamba korosho inaning'inia nje ya bibo, kwa chini. Hawajui kwamba ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi, ndiyo maana inapitishwa kwenye mvuke au moto kwanza kabla ya kubanguliwa, na ndiyo maana mbanguaji anajipaka mafuta au majivu mikononi. Hawajui kwamba baada ya ganda gumu kuna ngozi nyembamba ya kahawia inayotolewa kwa kidole na kisu kidogo, moja baada ya moja. Video ya sekunde 20 ya mikono inayobangua, bila muziki, sauti ya ganda likipasuka tu, inamweleza mtu kwa nini kopo lako haliwezi kuwa bei ya karanga. Wala huhitaji kuandika "tunajali ubora". Neno hilo limeandikwa na kila mtu hadi halina ladha.

Chukua suala la madaraja. Mteja anasikia W180, W240, W320, anadhani ni namba za kiwanda. Ni hesabu: idadi ya korosho nzima zinazoingia kwenye ratili moja, yaani gramu 454 hivi. W320 ni korosho 300 hadi 320 kwa ratili, W240 ni 220 hadi 240, kwa hiyo namba ikishuka korosho inakuwa kubwa zaidi. Kopo la gramu 250 la W320 litakuwa na korosho kama 165 hadi 176. Mwambie mpwa wako alimwage kopo kwenye mkeka mbele ya kamera na azihesabu kumi kumi hadi mwisho. Watu watabisha, watahesabu za kwao, watarudi kuandika kwenye komenti. Hiyo ni video ya TikTok. Picha ya madaraja matatu yamepangwa sambamba, kila moja na bei yake, ni posti ya Instagram na Facebook. Picha hiyo hiyo dada anaihifadhi kwenye WhatsApp, na kila anayeuliza "mbona hii ghali kuliko ile" anatumiwa, badala ya kuandikiwa maelezo upya. Jambo moja, kurasa nne, na hakuna aliyeumiza kichwa mara nne.

Siagi ya korosho nayo itawaletea malalamiko msipoyawahi. Mafuta yatapanda juu na mteja atasema imeharibika, au mmeongeza mafuta ya kupikia. Iwekeni mapema video ya kufungua kopo lililokaa, mafuta yanaonekana juu, kijiko kinakoroga, siagi inarudi laini. Tena tarehe ya kukaanga iandikwe kwenye mfuniko kwa kalamu ya wino mzito, ionekane kwenye kila picha ya kopo. Kwa mtu aliyewahi kuuziwa korosho zilizochacha, tarehe hiyo ina nguvu kuliko kapsheni yoyote.

Swali la pili, la mzigo kufika, halina uzuri wa kupiga picha, na ndiyo maana wauzaji wengi wanaliruka. Hapa ndipo oda zako zinapofia. Kuanzia leo acheni "bei njoo inboksi". Najua mnaogopa washindani wataona bei. Wameshaiona dada, walijifanya wateja wakaulizia. Anayekosa kuiona ni mnunuzi mwenye hela na asiye na muda. Andikeni bei ya kila kopo, gharama ya kutuma Dar, gharama ya kutuma Dodoma, na siku mnazotuma. Pokeeni malipo kwa lipa namba inayotoa jina la biashara, jina lile lile lililo kwenye kopo na kwenye kurasa. Mteja akitaka kulipa na simu ikamwonyesha jina la mtu asiyemjua, kidole kinasita.

Kila siku ya kutuma mizigo piga picha chache za haraka: maboksi yamefungwa, yamefika stendi, yamepakiwa. Funika majina na namba za simu za wateja. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kilomita kama 560, mteja anajua ni mbali, kwa hiyo mwonyeshe safari. Mzigo ukipokelewa, mwombe akupigie picha kopo likiwa mezani kwake, na uombe ruhusa kabla ya kuiweka. Picha ya mteja iliyopigwa vibaya chini ya taa ya ofisi ina kazi kubwa kuliko picha yako nzuri.

Na siku mambo yakiharibika, semeni nyinyi kwanza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga. Siku kama zile posti ni moja tu, na inawekwa kabla mteja hajauliza: mabasi hayapiti, mizigo ya watu fulani imebaki kwetu, iko pakavu, anayetaka kurudishiwa pesa aseme leo. Usiweke picha ya korosho inayong'aa siku hiyo.

Sasa kurasa zenyewe. TikTok ni njia panda, wanapita watu wasiokujua wala hawakukutafuta. Instagram ni baraza, mtu aliyekusikia anakuja kukaa akuchunguze kimya kimya. WhatsApp ni ndani, hapo ndipo bei inazungumzwa na pesa inatoka. Kazi ya njia panda ni kumfikisha mtu barazani, na ya baraza ni kumwingiza ndani. Kwa hiyo mpwa asihangaike kuuza kabisa. Aonyeshe kazi: kubangua, kuhesabu, kukaanga, bibo linaanguka mtini. Kitu cha kushangaza kionekane ndani ya sekunde tatu za mwanzo, si nembo wala "hamjambo marafiki". Asirekodi kwa kamera ya ndani ya TikTok. Arekodi kwa kamera ya simu, video ibaki safi, maana Instagram walishatangaza mwaka 2021 kwamba video zenye alama ya mtandao mwingine hawazisukumi mbele. Na maneno machache yaandikwe juu ya video, watu wengi wanatazama wamezima sauti.

Instagram unaruhusiwa kubandika posti tatu zikae juu ya nyingine zote. Weka hizi: bei zote, namna ya kuagiza na kulipa, na video moja ya kazi nzima kuanzia ganda hadi kopo. Anayekuchunguza atatazama hizo tatu na mizigo iliyopokelewa, akishamaliza anaamua. Kiungo kwenye kapsheni hakibonyezeki, kwa hiyo kile cha WhatsApp kikae kwenye maelezo ya ukurasa. Kinaandikwa wa.me kisha mkwaju (/), kisha 255 na namba yenu bila sifuri ya mwanzo. Kimfikishe mtu moja kwa moja kwenye mazungumzo.

Facebook usiipe kazi mpya. Iunganishe na Instagram kupitia Meta Business Suite, programu ya Meta ya kusimamia kurasa hizo mbili, posti zitoke kote kwa pamoja, hata kwa kuzipangia saa mapema usiku bando likiwa la bei nafuu. Kazi yake ya ziada ni makundi ya watu wa Mtwara na Lindi wanaoishi mbali, mara moja moja, kwa adabu.

WhatsApp ndipo ningeweka nguvu kubwa kama ningekuwa na saa moja tu kwa wiki. Namba ya dada ni ya dada, ndugu wanamtumia habari za misiba humo humo na oda zinapotea. Nunueni laini nyingine, mweke WhatsApp Business, inakaa simu moja na ile ya kawaida bila tatizo. Jazeni katalogi na bei. Tengenezeni majibu ya haraka manne matano: bei, kutuma, kulipa, madaraja, kutunza siagi. Tumieni lebo: ameuliza, amelipa, ametumiwa, amerudi. Kisha kuna jambo wauzaji wengi hawalijui: stetasi yako inaonwa na watu ambao wewe umewahifadhi na wao wamekuhifadhi, na ujumbe wa brodikasti unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Mteja asipokuhifadhi, unaongea peke yako. Kwa hiyo kila boksi liwe na kikaratasi: "Hifadhi namba hii, mkaango mpya tunautangaza kwenye stetasi kwanza." Na mtimize kweli, waone wao kwanza.

Namba zote za wateja ziandikwe pia kwenye daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Mwenye namba kwenye daftari alipiga simu akaendelea na biashara.

Jina liwe moja kote, picha ya wasifu moja, namba moja. Jambo hili ni dogo na mtalimaliza leo jioni, lakini ndilo linalomfanya mtu aliyewaona TikTok awatafute Instagram akawapata. Kuhusu sura ya picha, mna bahati ya mahali. Mikindani ina kuta za mawe ya matumbawe na milango ya zamani. Chagueni kona moja, baraza lenye kivuli cha asubuhi na mkeka mmoja, na kila kopo lipigwe picha hapo hapo mwaka mzima. Futa kioo cha kamera kwa kanga kabla ya kupiga. Hiyo inatosha, msinunue taa.

Namna ya kupata picha hizo zote bila kuchoka: siku ya kubangua na kukaanga ndiyo siku ya kurekodi. Mpwa asimamie simu, apige kila hatua mara mbili, mara moja kwa karibu na mara moja kwa mbali, kisha mchana mkae mchague. Siku moja ya kazi iliyorekodiwa vizuri inalisha wiki mbili hadi tatu. Kinachowaua wauzaji wengi ni kukaa saa mbili usiku na kujiuliza leo niweke nini, na ndipo ule utani wa Simba na Yanga unapotoka.

Akina mama wanaobangua waombeni ruhusa kabla ya kuweka sura zao, na mwenye kukataa apigwe picha ya mikono tu. Hili ni la heshima kwanza, lakini pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Watoto msiwaweke kabisa, hasa karibu na maganda, mtu ataona ajira ya watoto hata kama mtoto alikuja kumletea mama yake maji. Na jihadharini na video za kununua korosho ghafi uani kwa mkulima. Wewe unaona hadithi nzuri ya shambani, mwenye mamlaka anaona kangomba, yaani ununuzi wa magendo nje ya mfumo rasmi. Onyesheni korosho zenu zilizopatikana kwa njia ya halali, na risiti ziwepo.

Madai ya tiba yaondoeni. Nimeona kurasa zinaandika korosho inatibu kisukari, inaongeza nguvu za kiume, inasafisha damu. Mtu wa ofisini mnayemlenga anasoma hivyo na kuwaweka fungu moja na wauza dawa za barabarani. Badala yake andikeni kwenye kopo kwamba ni korosho, kwa wenye mzio, na mkamilishe taratibu za TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya siagi. Ofisi ya SIDO mkoani inasaidia wajasiriamali wadogo kwenye njia hiyo. Siku nembo ya ubora itakapoingia kwenye kopo, hiyo ni posti ya kubandika juu.

Dua ya Ijumaa na mpira sikukatazi, dada. Viwe kwenye namba zenu binafsi. Laiki za Simba na Yanga ni za mashabiki, na ukizifuata mtandao utazidi kuwapelekea mashabiki kurasa zenu, mnunuzi wa Masaki azidi kupotea. Kama mpira hamuwezi kuuacha, basi Namungo wakicheza Ruangwa tumeni makopo uwanjani, angalau mtauza.

Sasa ndipo tunafika kwenye tarehe, na hapo ufuate mkorosho. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi wakulima wako na salfa wanaukinga mti dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na maua yanatoka. Nyinyi mnauza akiba, kwa hiyo onyesheni shamba na namna mnavyohifadhi. TARI Naliendele, inayoongoza utafiti wa korosho nchini, iko pua na mdomo na nyinyi. Ombeni mtaalamu mmoja awaeleze mbele ya kamera kwa nini ua likishambuliwa korosho haipatikani, hakuna muuzaji wa Dar atakayeweza kuiga hiyo. Agosti kuna Nanenane, na kwa kanda ya kusini uwanja ni Ngongo, Lindi. Pale mkusanye namba za wateja kuliko picha.

Mabibo yakianza kuanguka, mnaingia kipindi cha TikTok: rangi nyekundu na njano, watoto wa mjini hawajawahi kuliona bibo. Oktoba minada ya korosho ghafi ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, inaanza na bei zinatangazwa. Tumieni habari hiyo. Mteja akiona kwamba bei ya ghafi imepanda mnadani Tandahimba, kopo likipanda wiki inayofuata hatasema mmemwibia. Mwambieni mapema, mpeni siku chache za kununua kwa bei ya zamani. Hilo litawaletea oda kuliko punguzo lolote. Desemba ni zawadi na mzigo mpya, posti fupi, picha za mizigo tu, maana hamtakuwa na nguvu ya zaidi. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, msiiandike kwa tarehe ya mwaka jana. Hapo weka mapishi, korosho iliyosagwa kwenye mchuzi wa kuku wa futari. Masika ikianza, unyevu unalegeza korosho, kwa hiyo zungumzeni kuhusu mfuniko na namna ya kutunza kopo likishafunguliwa. Huo ndio mkakati wa mwaka, na umekaa nusu ukurasa.

Mara ngapi? Kwa watu watatu wenye kazi nyingine: Instagram na Facebook mara tatu kwa wiki, TikTok mara mbili, stetasi kila siku ambayo kuna jambo la kweli, mkaango mpya au mzigo unaoondoka. Katika zile tatu, mbili zijibu swali la ubora na moja ijibu la kufika kwa mzigo. Wiki ya kubangua sana rudieni posti ya zamani iliyofanya vizuri, hakuna anayekumbuka. Na jibuni meseji upesi. Afadhali posti moja na majibu ya dakika kumi kuliko posti saba na majibu ya kesho.

Acheni kuhesabu laiki. Kila anayeandika WhatsApp aulizwe swali moja: umetuona wapi? Dada aandike T, I, F au "rafiki" pembeni ya oda. Kila mwisho wa mwezi hesabuni walioulizia, waliolipa, waliorudi. Wakiulizia wengi na kulipa wachache, tatizo liko ndani, kwenye bei au kwenye majibu, na video mpya haitalitatua. Wakiulizia wachache, njia panda haionekani, mwongezeeni mpwa muda. Wasiporudi, onjeni korosho zenu.

Kulipia matangazo: msilipie sasa. Subirini posti tatu za juu ziwe zimekaa, katalogi imejaa, na kuna posti moja ambayo bila kulipiwa ilileta watu WhatsApp. Hiyo ndiyo mtakayoibusti, mwezi Novemba mzigo mpya ukiwepo, kwa kiasi kidogo kwa siku chache, ilenge Dar peke yake, na kitufe chake kifungue WhatsApp. Utani wenye laiki nyingi usiulipie hata shilingi. Na watakuja vijana kukwambia wanabusti kurasa kwa niaba yako, uwape nenosiri. Mtu wa kusaidia anaweza kupewa ruhusa yake mwenyewe ndani ya Meta Business Suite, na unaiondoa siku ukitaka. Nenosiri libaki kwako na kwa dada, na hata mpwa abadilishe lile la TikTok alilolitumia pia kwenye michezo yake ya simu.